Mahakama ya Vitana

Wifi yangu ni msusi, ila mtaa mzima tunamwita Hakimu. Saluni yake ni chumba kimoja: kioo chenye ufa, benchi, na redio iliyofungwa waya. Taarifa ya habari ikitangaza kwamba fulani kakamatwa, wifi anapunguza sauti na kuuliza, "Ana hatia?" Anayesema ndiyo anainua kitana. Tangu nimjue, sijaona kitana kilichobaki chini.

"Polisi hawana kazi ya kubeba watu wasafi," husema, huku akikuvuta nywele mpaka macho yanakutoka. "Na wakili wa nini? Mwizi aongezewe mdomo?"

Juzi alikuwa ananisuka. Upande mmoja ulikuwa tayari, wa pili umesimama kama ufagio. Mara akaingia jirani, muuza maziwa, anahema.

"Hakimu, mumeo kakamatwa!"

Mumewe ni kaka yangu, fundi bomba. Diwani alikuwa anazindua bomba la maji mbele ya kamera. Akafungua, ukatoka upepo mtupu, bomba likapiga mluzi. Watu wote wakauma midomo. Kaka yangu akacheka, na kicheko chake ni kama pikipiki inayokataa kuwaka. Wakambeba kwa kosa la kuvuruga mkutano wa hadhara.

Muuza maziwa akauliza taratibu, "Wanawake, ana hatia?"

Vitana juu! Hata mimi, damu yake, nikainua changu. Raha kama hiyo ningeipata wapi tena?

"Shusheni!" wifi akafoka. "Tangu lini kucheka kukawa kosa?"

"Polisi hawana kazi ya kubeba watu wasafi, Hakimu," nikamkumbusha.

"Wifi, nitakuacha hivyo hivyo."

Akaniacha kweli. Akatoka mbio hadi kituoni, nami nyuma na nusu kichwa changu.

"Nataka wakili!" akamwambia askari wa kaunta. "Mume wangu hajasikilizwa! Nionyeshe sheria inayokataza mtu kucheka!"

Askari akakaza uso. Akanitazama mimi, kuanzia upande uliosukwa mpaka kwenye ufagio. Mashavu yakamvimba, kicheko kikampasuka.

"Haya, unavuruga kituo," wifi akamwambia. "Jikamate."

Mkuu wa kituo akatoka ofisini kuuliza kelele za nini. Akaniona. Akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. "Mpeni mtu wake," akasema bila kugeuka, "na huyo mwenye nywele aondoke naye."

Kesho yake nilirudi kumaliziwa. Redio ikatangaza: diwani kakamatwa, bomba lake halikuwahi kuunganishwa popote. Vitana vyote juu.

"Shusheni," wifi akasema. "Asikilizwe kwanza."

Kaka yangu alikuwa ameegemea mlango, huru tangu jana. "Asikilizwe nani? Huyo? Polisi hawana kazi ya kubeba watu wasafi!"

Wifi akamrushia kitana kichwani. Kaka akakidaka, akakiinua juu kuliko vyote.