Chapati Niliyompa Farasi

Swali la kwanza aliliuliza msichana wa miaka minane, aliyekuwa hana meno mawili ya mbele, katika chumba tunachopewa kila Jumamosi huko Greenbelt, Marekani, kuwafundishia watoto wetu Kiswahili. Nilikuwa nimewasomea ukurasa wa kwanza wa kitabu nilichokuwa nakiandika, kitabu cha watoto kuhusu farasi mwitu na namna ya kuwalinda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa Kiingereza, maana watoto wa huku ndivyo walivyo, unawasemesha kwa lugha hii wanakujibu kwa ile: "Anti, kama hawana mwenyewe, nani anawaita jioni warudi nyumbani?"

Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale. Wanyama niliokua nao ni paka wa barazani, mbuzi wa Idi na punda wa mkokoteni, na kila punda alikuwa na mtu wake wa kumlisha na kumtukana. Farasi asiye na mtu hata wa kumtukana, huyo sikuwa nimepata kumfikiria. Nikamwambia yule msichana nitamletea jibu wiki ijayo. Wiki ijayo akawa na maswali manne mengine.

Wazo la kitabu halikuwa langu. Lilikuwa la mchoraji wangu, mama Mmarekani mweusi aliyestaafu kufundisha sanaa shuleni, na mimi humwita Mwalimu. Kiswahili alikisoma chuo kikuu ujanani akakipenda, hakukiacha tena. Anakisema safi kama msoma taarifa ya habari, na mimi ananisahihisha bila haya. "Samahani, dada," huniambia, "sentensi hii haijakamilika." Nami humjibu, "Mwalimu wangu, kwetu imekamilika zamani, na watu wameshakwenda zao." Tulikuwa tumetoa vitabu viwili vidogo pamoja, mimi maneno yeye picha. Cha tatu akasema kiwe cha farasi wa kisiwani, upande wa bahari kuu, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwangu Laurel. Babake alimpeleka huko alipokuwa mdogo, na wale farasi hawajamtoka moyoni.

Basi nikaanza kuwatafuta kwenye maandishi. Mchana ninakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na kati ya mgonjwa na mgonjwa nikawa nasoma habari za farasi. Kumbe watu hawakubaliani wamefikaje pale kisiwani. Wapo wasemao ni meli iliyovunjika zamani, wapo wasemao ni wakulima waliowaacha huko wasiwalipie kodi. Kumbe wanakula majani ya chumvi, na kwa ile chumvi wanakunywa maji mengi mno, matumbo yanawajaa hadi dume ukamdhania ana mimba. Hilo nilipolisomea darasa, watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kitini. Yule msichana hakucheka. Aliuliza maji matamu wanayapata wapi na pande zote ni bahari. Wallahi sikujua. Nikaenda kutafuta na hilo pia.

Ukurasa wa sita ndio niliokuwa nikiuonea fahari. Niliuandika mara nyingi nikaufuta mara nyingi, mpaka ukatulia hivi: "Ukimpenda farasi, simama mbali. Usimwite, usimguse, usimpe chakula. Majani yake yanamtosha." Watoto waliukariri wote, wakawa wanauimba wakitoka mlangoni.

Mwezi wa tano Mwalimu akasema hachori tena kutoka kwenye picha za watu, lazima twende tukawaone. Tukachagua siku ya katikati ya wiki. Nikaamka alfajiri nikapika chapati na viazi vya karai, nikajaza chupa ya chai, maana safari ya saa tatu bila chakula kwangu mimi si safari, ni adhabu. Yeye alikuja na penseli na kigoda cha kukunja. Akaendesha yeye. Tulipofika lile daraja refu linalovuka ghuba nikafumba macho mpaka aliponiambia limekwisha.

Nao kweli wapo! Tulikuwa hatujazima gari nikawaona sita, wanakula kando ya maji, wadogo kuliko nilivyodhani, vifua vinene, manyoya ya shingoni yamevurugika kama ya mtu aliyelala na nywele mbichi. Nilitaka kujua kila kitu papo hapo. Kwa nini yule mmoja anasimama peke yake? Kwa nini wawili wamesimama kichwa kwa mkia? Mwalimu akanieleza hao wanapungiana nzi, mkia wa huyu uso wa yule. Nikastaajabu kwa sauti mpaka akaniomba ninyamaze. Kisha akachukua kigoda chake akaenda mbele kidogo, akakaa umbali unaoruhusiwa, akanipa mgongo, akaanza kuchora.

Mimi nikatandika mkeka karibu na magari yanapoegeshwa, nikafungua chakula. Nilikuwa natia tonge la kwanza mdomoni nikasikia pumzi. Farasi jike, wa kahawia, ana baka jeupe begani, ametokea nyuma ya vichaka na kusimama hatua chache kutoka nilipokaa. Ananitazama ninavyokula.

Hapa sina budi kueleza nilivyolelewa. Nyumbani kwetu huli mbele ya jicho. Mtoto wa jirani akisimama mlangoni, unamkatia. Paka akikutazama, unamtupia. Hata mtu uliyenuniana naye akikukuta una sahani, unamwambia karibu, na ukimeza tonge hujampa, mama yangu alikuwa anakuangalia mpaka lile tonge linakukwama. Hiyo haikuwa sheria ya kuandikwa mahali. Ilikuwa tabia tu, ya mkono wenyewe.

Nikajiambia, sogea, inuka, kusanya vyako. Ukurasa wa sita niliujua kwa moyo, niliuandika mimi! Farasi akasogea yeye. Nikatazama mgongo wa Mwalimu. Nikakata chapati nusu, nikaiweka kwenye kiganja.

Sitasema uongo, nilifurahi. Ule mdomo wake ulikuwa laini, wa moto, una vinyweleo vilivyonitekenya, na aliichukua chapati taratibu kama mgeni mwenye adabu. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikampa na nusu ya pili. Alipomaliza akanusa mkono wangu wote hadi kwenye kiwiko, akitafuta nyingine.

"Dada," Mwalimu akasema nyuma yangu. "Umefanya nini?"

Kurudi kulikuwa kurefu. Darajani sikufumba macho, niliona bora nitazame maji kuliko nimtazame yeye. Baadaye ndipo akanieleza, polepole, kwa kile Kiswahili chake kisicho na kosa. Farasi akionja chakula cha watu mara moja, anajifunza. Anajua chakula kinatoka kwenye gari. Anaacha malisho yake anakwenda barabarani kuyafuata magari, na huko ndiko wanakogongwa. Wengine hubidi waondolewe kisiwani kabisa, watengwe na wenzao, kwa sababu hawaachi tena.

"Chapati moja!" nikasema. "Mwalimu, chapati moja, tena mbili nilikula mimi."

"Yeye hakuhesabu," akasema. "Yeye alijifunza."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia asinifanye mtoto wa darasani kwake, nimeshalea, nimeshazika, na kama kumpa kiumbe mwenye njaa ni dhambi basi ninayo mimi, aniachie. Akaniambia yule farasi hakuwa na njaa. Hilo lilinichoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli, lile tumbo nililiona kwa macho yangu. Aliponishusha Laurel akasema hatachora ukurasa wa sita mpaka niwaambie watoto nilichofanya. Nikafunga mlango wa gari kwa nguvu kidogo.

Sikuwaambia. Jumamosi iliyofuata walinivamia mlangoni, umewaona, umewaona? Nikasema nimewaona, nilisimama mbali sana, kama kitabu kinavyosema. Nikawapigia na saluti ya kuchekesha. Mwalimu alikuwa ameketi nyuma na penseli zake, maana alikuwa anakuja kuwafundisha kuchora, akainama akachonga penseli ambayo ilikuwa tayari imechongeka. Jumamosi nyingi zikapita hivyo, tukisalimiana kwa heshima na hakuna zaidi. Picha zote zikawa tayari isipokuwa hiyo moja. Kitabu kikakaa mezani kwangu na tundu katikati, na kila nilipokiona nilisikia uchungu, kwanza kwa Mwalimu, halafu, siku zilivyokwenda, kwa nafsi yangu.

Aliyenikamata ni yule msichana, na mdomo wangu mwenyewe ndio uliomsaidia. Meno yake yalikuwa yameshaota. Alikuwa anachora farasi, akashindwa puani, akaniita. "Anti, hapa chini pakoje?" Nikainama, nikasahau yote, nikaanza kumwaga maneno: hapo mdomoni pachore pawe laini, ni laini kabisa, pana joto, na vinyweleo hivi vidogo vinatekenya.

Akaweka penseli chini. Akanitazama kwa makini, si kwa ubaya, ni kwa kutaka kujua tu, kama alivyotaka kujua habari za maji matamu. "Umejuaje kama vinatekenya? Si ulisimama mbali?"

Vichwa vyote vikageuka. Watoto ni watu wabaya, wanasikia pale pale usipotaka. Nikamtazama Mwalimu. Hakunisaidia, wala hakunisuta. Alingoja tu na wao.

Basi nikakaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, magoti juu, nikawaambia. Niliwaambia chapati, nusu na nusu. Niliwaambia nilitazama kwanza kama naonekana. Niliwaambia na ule uongo wa kusimama mbali, na hapo sauti ilinitoka vibaya, kwa sababu mtu mzima kuomba radhi kwa watoto kumi na wawili si jambo dogo, uso wote uliniwaka moto. Mmoja akasema kwa kunitetea kwamba hata bibi yake angempa. Mwingine akauliza kama alipenda chapati. Nikasema alipenda sana.

Yule msichana hakushughulika na radhi yangu. "Na sasa yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Farasi. Alikwenda barabarani?"

Mimi mdadisi wa kila kitu, niliyetafuta habari za nzi na chumvi na meli iliyovunjika, hilo moja sikuwa nimelitafuta. Tangu mwezi wa tano mpaka majani yameanza kuanguka sikuuliza hata siku moja.

"Kuna simu," akasema yule msichana. "Wapigie."

Watoto wakalivalia njuga. Nikaitafuta namba ya walinzi wa kisiwa, nikaweka simu juu ya meza sauti iwe wazi, wakaizunguka wote, vichwa vimegusana. Mwalimu akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba namuulizia farasi, jike, wa kahawia, ana baka jeupe begani.

"Ah," akasema. "Huyo tunamjua sote."

Nikasikia Mwalimu ameniwekea mkono begani.

Yu hai, akasema. Lakini tangu kiangazi ameacha kukaa na kundi lake. Wenziwe wakienda kula majani ya ng'ambo yeye anabaki pale magari yanapoegeshwa. Wanamfukuza kila siku, na kila siku anarudi. Mara mbili ameingia barabarani, madereva wakafunga breki kwa bahati. Wanampa muda mpaka baridi iingie, na asipojirekebisha watamhamisha, hatakiona tena kisiwa wala wenzake. Akauliza mimi ni nani kwake. Nikasema mimi ni mwandishi wa kitabu cha watoto, nikamshukuru, nikakata simu.

Wadogo hawakuwa wamesikia vyema ile sauti ya simuni, wakataka niwaeleze, nami nikawaeleza yote kwa Kiswahili, pole pole, la kuhamishwa na la breki. Nikawaambia anavyoshinda pale kutwa, na kwamba kila mlango wa gari ukifunguliwa anainua kichwa.

"Kwa nini anainua kichwa?" akauliza yule msichana. "Anamngoja nani?"

"Ananingoja mimi," nikasema.