Sauti Chini ya Mchanga

Juzi, pale mtaa wa Kambarage, niliona bango la utalii lenye picha ya kisiwa cha kijani katikati ya ziwa. Nikazitazama kucha zangu.

Baba, mchimbaji wa Geita, alinipeleka huko nikiwa mdogo. Kulinukia matete mabichi na shombo la samaki. Mwongoza watalii alikuwa akituonyesha tai juu ya mti tuliposikia vilio vyembamba kutoka chini ya mchanga.

Baba akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. "Duara limetitia! Shimo limefukia watu, wako hai!" Nami nikafukua naye.

"Mzee, acha! Mayai ya mamba hayo, vitoto vinalia vikianguliwa!" Mwongozaji alimkamata kiunoni, maji yakichafuka nyuma yetu, mamba mwenyewe akitoka. Tulikimbilia boti.

Nilidhani baba anatetemeka kwa kumwogopa mamba. Sikujua kwamba machimboni aliwahi kumsikia mdogo wake akiita chini ya kifusi, mpaka sauti ikanyamaza.

Ndani ya boti, kucha zikimvuja damu, alimgeukia mwongozaji.

"Bwana, una uhakika hakuna mtu?"