Hadithi za Krismasi Kupitia Mabati

Desemba ikifika, ploti yetu, safu ya vyumba vya kupanga mtaani Lindi, huanza kusikika. Miezi mingine kuna redio, watoto na watu wanaogombania kamba ya nguo, lakini majirani wakishaenda ushago, kwao mashambani, mtu akipiga chafya chumba cha mwisho unaweza kumwambia pole bila kutoka kitandani. Mwaka jana tulibaki sisi na Habuba. Sisi hatukusafiri kwa sababu Mama husuka nywele Kawangware, na hakuna mwezi wanawake wanataka kusukwa kama Desemba. Habuba hakusafiri kwa sababu yeye ni Mnubi, na ushago wake ni hapa hapa. Ploti ni yake. Habuba ni nyanya kwa Kinubi, na sote tunamwita hivyo, hata watu wazima. Chumba chake na chetu vimetenganishwa na mabati tu. Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa miaka mitano, ambaye mama yake alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Mama huyo alikuwa amemwambia mtoto kwamba Krismasi atakuwa amerudi.

Mimi nilikuwa nimefunga shule, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kumchunga ndugu yangu mdogo mpaka Mama arudi. Jioni nilimsomea kitabu ambacho Mama alikiokota kwenye rundo la vitabu kuukuu soko la Toi, kimeng'oka jalada, cha hadithi na mashairi ya Krismasi ya watoto. Kilikuwa cha Kizungu, nikawa nakigeuza Kiswahili nikiendelea. Kila ukurasa ulikuwa na theluji. Ndugu yangu naye alikuwa na maswali. Hiyo theluji ni kama barafu ya friji ya dukani? Na mtu anapitaje kwenye bomba la moshi na gunia la zawadi, na sisi moshi wetu unatokea mlangoni?

Nilichoka kujibu, nikaanza kubadilisha. Wachungaji niliwaleta Sarang'ombe, mtaa wa jirani, wakichunga mbuzi kando ya reli, na mbuzi mmoja nikampa kikohozi. Wale wenye hekima walikuja kwa bodaboda, watatu kwa pikipiki moja, wa katikati ameshikilia unga, sukari na blanketi. Mashairi yakanishinda kutafsiri, nikatunga yangu:

Lala mtoto, lala kwa nyasi,
Mbuzi akikohoa, usiwe na wasi.

Haya yote niliyasoma kwa kunong'ona. Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu akiniita nisome darasani, sauti inaingia tumboni na haitoki. Tena nilifikiri Habuba, kwa kuwa ni Mwislamu, asingependa kusikia mambo ya Krismasi jioni nzima. Kwa hivyo nilishusha sauti, nikadhani hiyo imetosha. Nimelala kando ya mabati hayo maisha yangu yote, na bado nilidhani hivyo.

Jioni moja nilikuwa nimechoka, nikaruka kile kipande cha mbuzi. Sauti ndogo ikatoka ukutani.

"Na mbuzi? Alipona?"

Ndugu yangu alianguka kitandani kwa kicheko. "Kumbe wewe ni redio," akaniambia. Mimi nilijifunika blanketi hadi kichwani. Kesho yake sikusoma kitu, ingawa alinibembeleza mpaka akanuna.

Habuba alikuja mwenyewe, na gurusa kwenye sahani, ile mikate yao laini, bado ya moto. Akasema tangu nianze kusoma amekuwa akizima redio yake saa hiyo, na mjukuu hali mpaka hadithi ianze. Hakuwa na ugomvi na hadithi yenyewe. Mtoto yule wa Krismasi, akasema, hata kwao anaheshimiwa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nimesahau mtende. Kwao, yule mama alijifungua mbali na watu, ameegemea mtende, akaambiwa autikise, na tende zikamwangukia.

"Wewe umemjazia watu," akasema. "Wachungaji, bodaboda, mbuzi. Mwache kidogo peke yake."

Kisha akamtuma ndugu yangu nje akacheze na mjukuu, akaketi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama ya mtoto haji. Tajiri wake amekataa kumwachilia mpaka mwaka mwingine uishe. Na mtoto kila asubuhi akiamka anauliza kama leo ndio Krismasi.

"Nikianza kumwambia nitalia, na akiniona nalia ataogopa. Wewe unajua kupanga maneno. Mpangie."

Nilisema siwezi. Hakunisukuma. Aliniachia gurusa, akaenda.

Nilifikiria kuyasema kupitia ukuta, pale ambapo hakuna mtu angeniona. Nilijaribu hata kuyapanga, nimelala chali natazama kutu kwenye mabati. Lakini niliona kwamba mtoto akilia upande ule, mimi nitakuwa upande huu, nikimsikiliza tu. Siku ya kuamkia Krismasi, mchana, nilimshika ndugu yangu mkono tukaingia kwao. Kitabu nilikiacha. Tuliketi kwenye mkeka, na uso ulikuwa ukinichoma.

Niliwasimulia habari za yule mama chini ya mtende, lakini huyu wangu alikuwa ameacha msichana mdogo nyumbani, akamwambia, tende zikiiva nitarudi. Tende zikaiva. Wenye shamba wakakataa kumwachilia.

"Kwa hivyo hakurudi?" mtoto akauliza.

Nilitamani kuongeza bodaboda. Nilitamani mlango ubishwe.

"Hakurudi," nikasema. "Si Krismasi hii."

Alinitazama sana. "Ni mama yangu?"

Nilimwangalia Habuba. Akafumba macho, akayafumbua.

"Ndiyo," nikasema.

"Na hizo tende, anakula?"

Habuba alijibu kabla yangu kwamba anakula, amemwambia mwenyewe kwa simu. Ndipo mtoto akalia, bila kelele, uso kwenye leso ya nyanya yake. Ndugu yangu, ambaye humcheka kila mtu, alikatakata gurusa vipande vidogo, akavipanga mbele ya mtoto kimoja kimoja.

Alipomaliza kulia aliniambia nianze tena. Nilianza. Nilipofika pale ambapo mama harudi, sauti ilinishuka yenyewe. Akanivuta mkono wa sweta.

"Hapo sema vizuri."

Nikasema vizuri.

Baadaye aliomba simu. Habuba alimshikia kitufe cha kurekodi, na mtoto akaisogeza simu mdomoni kabisa.

"Mama, nimejua haukuji. Nimelia kidogo tu. Ukisikia njaa, tikisa mti."

Habuba aliachilia kitufe, ujumbe ukaenda. Akajifuta uso kwa ncha ya leso, kisha akainama kuwasha jiko.