Mlango wa Wavu Nilioutengeneza Edani

Jamani, nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Nilikuwa edani; mume wangu, fundi seremala, kafa kwa homa kwenye kazi ya reli ya Wadachi. Kila jioni wanaume walisoma Kurani barazani, nami nimefungiwa chumbani wasinione, upepo wa Uluguru unaishia nje.

Nikakumbuka nyumba ya bwana Mdachi nilikokuwa nikifua nguo, milango yake ya wavu wa waya. Nikachukua randa na msumeno wa marehemu, nikaunda fremu ya mninga, nikapigilia wavu, nikautia bawaba mwenyewe. Ulipinda kama mgongo wa kikongwe, lakini ulifunga.

Mchana nikamsimamisha mdogo wangu barazani. "Unaniona?"

"Sioni kitu, dada. Giza tupu humo."

Basi nikauacha mlango wa mbao wazi, wavu peke yake ukanisitiri.

Mtaani nilisifiwa kwa subira. Mimi ndiye niliyewakemea wanawake misibani: "Msijipige vifua, ni kukosa imani!" Hakuna aliyewahi kuniona nikilia.

Giza lilipoingia nikawasha taa, nikavaa kanzu ya mume wangu na kofia yake. Nikajipiga kifua, nikagaagaa sakafuni, mdomo nimeuziba kwa mkono wa kanzu wasinisikie. Nje Kurani ikanyamaza. Nikadhani wamemaliza.

Kumbe shemeji yangu alikuwa akitafuta la kusema. Akakohoa.

"Shemeji," akasema taratibu, "zima taa. Sote tunakuona."