Spika Isiyo na Kosa

Mwaka wa themanini na sita, pale Oildale, mji wa visima vya mafuta ng'ambo ya mto Kern, wachimba mafuta walikuwa wanafukuzwa kazi kwa makundi, na kumbi za dansi zilikuwa zinafungwa moja baada ya moja. Palipokuwa na bendi pakawekwa mashine ya kanda na mtu wa kuibonyeza, na watu wakaita hiyo maendeleo. Ukumbi mmoja ulibaki, wa wanajeshi wastaafu, na dansi lake lilikuwa la Jumapili alasiri, baada ya kanisa na kuku wa kukaanga. Kiti cha gitaa katika ukumbi ule kilikuwa cha Orval Tackett. Alikikalia miaka ishirini na tisa.

Orval alizaliwa hemani, katika kambi ya wachuma pamba, mwaka ambao wazazi wake walifika kutoka Oklahoma na godoro juu ya gari. Alipokua akaenda kwenye mitambo ya kuchimba mafuta, akasimama miaka zaidi ya thelathini kando ya injini zilizonguruma hata mtu akikupigia kelele sikioni unaona midomo tu. Siku zile aliyeziba masikio aliitwa bibi harusi. Orval hakuziba.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, watu walipokuwa wanatoka, Lorene Stubbs, mwimbaji na mwenye bendi, alimfuata akikunja waya wake.

"Orval, sauti ya gitaa lako imeharibika."

"Najua, mama. Tangu wakati wa baridi."

Lorene akashusha pumzi. "Kumbe unajua! Nimezunguka wiki tatu nikitafuta jinsi ya kukwambia. Basi itengeneze kabla ya Jumapili, maana watu wananisumbua. Kuna mpigaji gitaa mmoja Fresno. Sitaki kumwita, lakini nitamwita."

"Humwiti mtu. Ni spika imechoka. Nabadilisha."

Jumatatu akakibeba kisanduku chake cha amplifaya hadi kwa Weldon Pruitt, fundi wa spika, rafiki yake tangu walipokuwa wanachunga mbuzi wa watu.

"Imefifia," Orval akasema. "Nataka ile sauti yetu. Safi, kavu, kila noti isimame peke yake kama kigingi. Sitaki mikwaruzo, sitaki uji."

Weldon akafungua skrubu, akaitoa spika, akaisukuma ile karatasi yake inayotikisika kutoa sauti kwa ncha za vidole, taratibu, akitega sikio. Haikukwaruza. Akapima waya wake. Mzima.

"Hii haina kosa, bwana."

"Basi nina kosa mimi?"

"Wewe makosa yako yanajulikana hadi Oklahoma. Geukia ukutani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya duka lile. Mnunuzi aliupa mgongo ubao uliopangwa spika, fundi akapiga wimbo uleule kwa kila moja, na mtu akachagua kwa sikio tu. Macho ni mashahidi wa uongo, Weldon alikuwa akisema; yanapenda sumaku kubwa. Siku hizi watu husoma karatasi ya matangazo na kununua namba.

Orval akageuka. Weldon akaunganisha ya kwanza, yenye sumaku ndogo na karatasi nyepesi, tamu lakini ukiipandisha hulia kwa mikwaruzo.

"Imelala," Orval akasema.

Ya pili.

"Hiyo imekufa na kuzikwa. Toa."

Ya tatu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na katikati ya karatasi yake kikombe cha alumini. Hata ukiipa nguvu kiasi gani haikwaruzi, ila hukata kama wembe. Orval akainua kichwa.

"Hapo pana uhai. Zidisha ule wembamba."

Weldon akazungusha kitufe cha sauti nyembamba hadi nusu.

"Zidisha, unaogopa nini?"

Akakifikisha mwisho. Mbwa aliyelala chini ya meza akainuka, akatoka nje bila kuitwa. Weldon mwenyewe alihisi meno yanamuuma hadi kwenye mizizi. Orval alikuwa anatabasamu ukutani.

"Hiyohiyo. Nifungie."

"Orval, ile ya pili ilikuwa yako. Ile uliyokuja nayo."

"Si nimekwambia imekufa?"

Weldon akaliweka gitaa mezani. Chini ya pipa la maji, nje ya dirisha, nyenje walikuwa wanalia kwa nguvu, kama walivyolia asubuhi nzima.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "mwaka huu umewasikia nyenje?"

"Nyenje gani? Walishakufa wote. Dawa za pamba zimewamaliza, kama zilivyomaliza kila kitu katika bonde hili."

 Watu wa Oildale huambiana kwamba gari lako linavuja oili, kwamba mbwa wako ana kichaa, hata kwamba mkeo ameonekana Tehachapi na mwanamume mwingine. Kwamba mwili wako umeanza kufunga milango, hapana. Weldon akachukua bisibisi, akaifunga spika.

Jumapili ikafika. Wachezaji pale huzunguka sakafu wote upande mmoja, kama ng'ombe wa kinu. Wimbo wa kwanza ulipoanza Orval aliona duara likipinda. Kila jozi ilipofika mbele yake ilijitenga, ikapita mbali, ikarudi njiani. Akadhani bia imemwagika. Alitazama sakafu, ilikuwa kavu.

Wimbo wa pili, lile pengo lilikuwa limepanuka, nusu duara la mbao tupu, kama mahali palipoumwa na mnyama. Lorene alikuwa ameweka kiganja sikioni, akijifanya anatengeneza nywele. Na wazee wa Haskew, mume na mke, waliocheza mbele ya Orval kwa miaka yote ishirini na tisa, walikuwa wamesimama ukuta wa mbali, mke akisugua taya.

Hapo Orval akaelewa kwamba walikuwa wanaikimbia sauti yake, sauti ambayo yeye hakuisikia. 

Hakuacha kupiga. Alinyoosha mkono nyuma, akakishusha kile kitufe cha wembamba kidogo tu, na badala ya kusikiliza akatazama nyuso. Akakishusha tena. Jozi moja ikakanyaga zile mbao tupu, kisha ya pili. Alishusha hadi mama Haskew akamshika mumewe mkono na kurudi mahali pao. Pengo likazibika.

Zamu yake ya kupiga peke yake ilipofika, vidole vikapanda shingo ya gitaa kama vilivyozoea. Kupita chuma cha kumi na mbili cha shingo ile, zinakoanza noti nyembamba, hakusikia noti hata moja. Alihisi ukucha ukigusa waya, basi. Watu wakapiga makofi.

"Hiyo ndiyo sauti!" Lorene akamwambia wimbo ulipokwisha, machozi yakimlenga. "Kiti ni chako, mzee. Wa Fresno abaki kwao."

Orval akaitikia kwa kichwa. Wengine walipokwenda kunywa, alibaki kitini, akaanza kushuka shingo ya gitaa, noti moja moja, akitafuta mahali ambapo ukimya unaishia. Siku ile ulikuwa unaishia chuma cha kumi na mbili.

Ulipofika wakati wa kuvuna pamba, ulikuwa unaishia cha tisa.