Siku Niliyotoka Mtihanini Nikicheka

Juzi nilipita Mji Mkongwe, nyuma ya skuli niliyosoma, nikawakuta watoto wa kidato cha nne wametoka kwenye mtihani wa fasihi, wa mwisho wao. Unawajua walivyo siku hiyo. Mmoja kachana daftari analirusha juu, wengine wanaandikiana majina mgongoni kwa peni, binti kainamia ukuta analia kwa sababu swali la tamthilia kalijibu kwa riwaya. Na katikati ya njia alikuwapo mwengine, mtandio umemtoka kichwani, anacheka mpaka anashika tumbo. Huyo ndiye aliyenifanya nigeuze njia. Sikuweza kumtazama, mwenzangu. Na mimi niliwahi kucheka vile, mahala pale pale.

Nimelelewa Makunduchi na bibi yangu, mama yake baba, tangu mama aliponiacha mdogo. Maisha yetu yalikuwa ya makumbi ya nazi. Tukiyafukia pwani yaoze, miezi ikipita tukiyafukua, tukiyaponda kwa gongo mpaka yabaki nyuzi, naye Bibi akisokota kamba. Harufu yake ni ya yai viza, haitoki mikononi hata kwa sabuni. Pweza wa nazi nilimla kwa mikono hiyo hiyo, na mpaka leo pweza asiyenukia makumbi naona ana upungufu.

Hadithi Bibi hakuzitoa mchana. "Hadithi ya mchana humpotezea mtu njia," alikuwa akisema. Tukishakula ndipo alipoanza, kwa Kikae chake, lugha ya Makunduchi ambayo watu wa mjini wakiisikia hucheka. Niliyoipenda kuliko zote ni ya kaa aliyekwenda kuposa kwa ngisi. Kila akikaribia mlango anajikuta kaenda upande. Bibi aliitembea hadithi ile, ubavu ubavu, chumba kizima, na mimi nikicheka mpaka napaliwa.

Nilipoingia sekondari, baba, aliyekuwa akikaa Kiembe Samaki na mkewe, alinileta Mji Mkongwe kwa shangazi, dada yake, niwe karibu na skuli. Huko walinicheka kwa matamshi yangu, nikajifunza kunyamaza. Aliyenifungua mdomo ni mwalimu wa fasihi. "Wenzako wanaikariri fasihi simulizi vitabuni," aliniambia. "Wewe umelala nayo chumba kimoja. Iandike."

Wiki ya mitihani baba akaniambia Bibi ana mafua kidogo. Nikataka kwenda kumtazama.

"Maliza kwanza," akasema. "Ukimaliza utakaa huko mpaka uchoke."

Asubuhi ya mtihani wa mwisho shangazi alinipikia chapati na maini, na wala haikuwa Sikukuu. Redio yake, ambayo kila siku huifungua asikilize matangazo ya vifo, ilikuwa kimya. Nilipomuuliza akanipa mgongo. "Betri zimekwisha." Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi wa jiko. Mlangoni alinikumbatia, naye si mtu wa kukumbatia watu.

"Nenda mwanangu. Ukaandike vizuri."

Nilipoifungua karatasi nikakuta tumetakiwa tusimulie hadithi moja ya jamii zetu na tueleze mafunzo yake. Kidogo nipige vigelegele humo humo! Niliandika ya kaa na ngisi, na maneno ya kaa nikayaacha kwa Kikae kama alivyoyasema Bibi, chini yake nikaeleza maana. Hata wino ulinukia makumbi.

Tulipotoka, uwanja uligeuka harusi na matanga kwa pamoja. "Swali la tano umejibu nini?" "Usinambie! Sitaki kujua!" Rafiki yangu mmoja alikaa chini na vumbi lake akisema, "Mimi nshafeli, nnakwenda kuolewa," na huku anacheka na machozi yanamtoka. Mimi nikaanza kutembea ubavu ubavu kama kaa, na sare yangu nyeupe, wenzangu wakinipigia makofi. Mwalimu wa fasihi alikuwa kasimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Nikamkimbilia.

"Mwalimu, Bibi katoka! Bibi yangu katoka kwenye mtihani!"

"Alhamdulillahi," akasema. Akavua miwani akaifuta, na hakuivaa tena. Baba alikuwa keshampigia simu tangu asubuhi. Hilo nililijua baadaye.

Getini alinisubiri jirani wa shangazi, mwanamke wa makamo, ana kanga mkononi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jifunge hii, twende shamba, Makunduchi. Gari ipo inasubiri."

Garini nilimsimulia hadithi nzima, kaa, ngisi, karatasi, Bibi atakavyofurahi. Alinitazama mdomo tu. Tulipopita Tunguu akanishika mkono.

"Mwanangu, bibi yako katangulia mbele ya haki."

"Lini?"

"Alfajiri."

"Tutamkuta?"

Akanifunga vizuri ile kanga. Kisha akasema, "Wamezika saa nne."

Saa nne mimi nilikuwa juu ya karatasi, kaa wangu yuko mlangoni kwa ngisi.

Nilipofika, kitanda alichooshewa kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kamba zake hazijakauka bado. Kamba zile alizisokota mwenyewe. Mtu aliyeniogesha mimi tangu sijui kusimama, kaoshwa na majirani na wake za ami zangu, nami sikummwagia hata kata moja ya maji. Baba alinikuta pale nimekishika kitanda.

"Mtihani hauna kesho," akasema, "na maiti hawekwi. Tungefanyaje? Tena mwenyewe ndiye aliyeusia, mtoto asiambiwe mpaka amalize."

Wasia wa maiti utaubishia vipi?

Matokeo yalipotoka, fasihi nilipata alama ya juu kabisa. Baba akachinja mbuzi, akaita watu.

Miaka mingi niliubeba wasia ule kama hirizi. Mpaka siku moja, nimekwisha kuwa mama wa watoto, tunachambua mchele mimi na shangazi, nikasema, "Bibi naye alikuwa na moyo, kuusia vile." Shangazi akaacha kuchambua.

"Hakuusia kitu," akasema. "Siku mbili nzima, kila nikenda kumtazama wewe ukiwa skuli, alikuwa akiuliza, 'Mwanangu hajaja?' Na baba yako akimjibu, 'Yuko njiani.'"

Mchele tuliumaliza, tukaupika, tukaula.

Sasa Makunduchi nikienda ni kwa maziko na harusi za watu tu. Nyumba ya Bibi imeanguka, na pwani tulikofukia makumbi pamezungushiwa ukuta wa hoteli. Watoto wangu Kikae hawakijui, na mimi mwenyewe naanza kukitafutia maneno. Hakuna aliyebaki wa kunisahihisha.

Baba kazeeka, anakaa kwangu. Namkandia mkate laini, namtilia maziwa chai yake, nguo zake nafua kwa mkono. Sijamuuliza, na nadhani sitamuuliza. Wageni wakija hupenda kuwasimulia jinsi binti yake alivyofaulu fasihi siku ile ile ya msiba, kwa busara ya wazee. Wageni hutikisa vichwa wakamshukuru Mungu. Mimi huinuka nikaenda jikoni, nikasimama huko mpaka amalize.