Jumamosi Wanamzika Binti Yangu, na Kaburini Wataweka Mgomba

Admin, jina langu lifiche, tafadhali. Shemeji yangu naye anasoma ukurasa huu, na kama leo anasoma, asome polepole aelewe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitano, nauza maharagwe sokoni hapa Butembo. Zamani tulilima kakao upande wa Eringeti, mpaka vita vikatufukuza. Nina watoto watatu: Masika, kifungua mimba, Kahindo anayemfuata, na mdogo wao, ambaye wakati ule nilikuwa bado nambeba mgongoni.

Kahindo ana usonji. Daktari mmoja wa Beni ndiye aliyetupa jina hilo. Ukoo wa mume wangu ulikuwa na majina yake mengine, sitayaandika hapa kwa sababu mimi nililelewa. Hasemi. Kelele zinamuumiza, anaziba masikio na kupiga ukelele. Anachopenda ni kupanga vitu: bidoni za maji bombani, viatu mlangoni, kikubwa mbele, kidogo nyuma. Hapendi kuguswa. Ni mimi peke yangu aliyenikubalia nimshike mkono.

Siku waasi waliposhambulia kijiji alikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa mchana, tunapasua kakao uani. Tukakimbilia mashambani, risasi zinalia nyuma yetu, na Kahindo akaanza kupiga ukelele. Shemeji yangu, mkubwa wa ukoo eti, alikuwa amewatangulia wanawake na watoto wote. Aligeuka mara moja tu: "Muache huyo mutoto! Atatuuwisha sisi bote!" Mume wangu alinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi anayoiweza.

Sasa nitasema jambo ambalo hata padri sijamwambia. Watu wote wanajua kwamba Kahindo alichomoka mkononi mwangu. Ni uongo, nilimwachia. Mdogo alikuwa mgongoni, Masika ameng'ang'ania kitenge changu, nikafungua vidole. Yeye alikuwa bado amenishika. Ilibidi nivute.

Baada ya siku tatu askari walituruhusu kurudi. Sikukuta mwili wala damu. Nilikuta matunda ya kakao yamepangwa kando ya njia, kubwa mbele, dogo nyuma, mstari mrefu mpaka barabara kubwa ya kwenda Beni. Nililia kwa furaha. Nikamwita shemeji aone, akatazama kama anatazama mavi ya mbuzi. "Ile ni batoto banachezaka, mama Masika." Watoto gani? Kijiji kizima kilikuwa porini!

Huu ni mwaka wa tatu namtafuta. Nimeuliza Beni kwenye parkingi za malori, makanisani, hospitalini, hata kwenye kambi za askari. Mwaka jana mama mmoja muuza mafuta ya mawese aliniambia aliona msichana asiyesema akimpangia chupa zake bila kuombwa, kutoka kubwa mpaka ndogo. Nilichelewa siku mbili, na hakuna aliyejua alikoelekea. Nilipowasimulia nyumbani, shemeji alicheka. "Mutu mwenye hasemake, nani atakuambia ni yeye?"

Sasa Masika amepata mchumba, kijana mzuri wa Kalunguta, na mbuzi wa mahari wako tayari. Shemeji anasema ukoo hauwezi kupokea mbuzi wakati nyumba ina mtu aliyepotea bila kuliliwa, kwamba msiba usiofungwa utamfuata bibi arusi mpaka kwake. Basi Jumamosi watauvika mgomba nguo ya Kahindo, watauweka kaburini badala ya mwili, na mimi mama yake nitupe udongo wa kwanza. Nisipotupa, maziko hayahesabiki.

Mtu ambaye hakuwahi kumnawisha mtoto yule hata uso, leo anamwita "malaika wetu". Amekwisha kuagiza pombe ya ndizi. Mgomba wenyewe amechagua ule uliokwisha kukatwa ndizi, asije akapata hasara. Anasema ni mapenzi ya Mungu, Mungu alinipunguzia mzigo. Nilimjibu mbele ya ukoo wote: "Wewe ulikimbia mbele ya batoto, leo unataka kututangulia mpaka ku kaburi?" Wakasema huzuni imenipanda kichwani. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Ningekuwa nimekwisha kukataa, na wangekunywa pombe yao bila mimi. Lakini juzi Masika alinifuata jikoni, akakaa tukachambua maharagwe pamoja. Mwisho akaniambia, "Mama, sikukatazi kumutafuta. Lakini siku ile mimi nilikuwa pembeni yako. Niliona mukono yako. Sijaambia mutu hata mumoja." Nikashindwa kumtazama. Akaongeza, "Na mimi niko mutoto yako." Akaendelea kuchambua.

Ndugu zangu, shemeji simwogopi, namdharau na nitamdharau mpaka nife. Masika namwogopa. Miaka yote hii amebeba siri yangu bila kuniomba kitu, na sasa ameomba kimoja. Nikitupa ule udongo, siku Kahindo akionekana kwenye barabara yoyote, atakuwa marehemu kwa mkono wa mama yake, mkono uleule aliokuwa ameushika. Nisipotupa, nimemwachia Masika naye.

Nishaurini, ila habari za mapenzi ya Mungu mniwekee mbali, hizo shemeji anazo tele. Nyinyi mlio na watoto, niambieni tu: Jumamosi mkono wangu nifanye nao nini?